Maswali ya Wasomaji: Muheza Huzalisha Nini, na Bei Hupangwa Wapi

Barua zilizotufikia kutoka Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, zimekuwa nyingi kiasi kwamba tumeona vema kuzitengea safu nzima ya toleo hili. Ingawa kila mwandishi ameuliza la kwake, zote zinahusu njia ambazo wananchi wa halmashauri hiyo ya vijijini wanajipatia riziki. Majina tumeyaacha kwa makusudi, kwa sababu baadhi yenu mmetueleza mapatano yenu ya kuuziana mazao.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Muheza mjini. Kitabu tunachofundishia kinasema uchumi wa Tanga ni mkonge, lakini wanafunzi wangu wakichungulia dirishani wanaona magari ya machungwa. Niwaeleze nini ili nisiwapotoshe?

Mwalimu, kitabu hakijakosea, na wanafunzi wako nao wana haki ya kushangaa, kwa kuwa kitabu kinaeleza Muheza ya babu zao ilhali wao wanaiona ya wazazi wao. Anza nao na mwaka 1893. Mwaka huo Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, Marekani, na ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai, ikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ukaanza mjini Tanga, na reli hiyo ikafika Muheza mwaka 1896, kisha Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Wape ramani, waone jinsi mashamba makubwa ya mkonge yalivyoifuata reli kama kumbikumbi wanavyofuata mwanga, kisha waambie sababu, ambayo ni uzito. Katika kilo 100 za majani mabichi ya mkonge hupatikana takriban kilo 4 tu za singa kavu, yaani nyuzi zake, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusafirisha majani mbali. Ilibidi korona, yaani mtambo wa kuchana majani na kutoa singa, ijengwe shambani humohumo, na singa zikisha kukaushwa na kufungwa robota zipelekwe bandarini kwa treni.

Kazi ya kukata majani ilihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana kwa Wabondei, wenyeji wa huko, ndipo wakaletwa manamba, walioitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alipewa namba, kutoka mikoa ya mbali ya nchi yetu, kutoka Msumbiji na kutoka Rwanda na Burundi. Wengi wao hawakurudi makwao. Ukiwauliza wanafunzi wako asili ya babu zao, naamini utapata Wamakonde, Waha na Wanyamwezi ambao hawajawahi kuiona nchi wanayosemekana kutoka, na ambao leo wana michungwa nyuma ya nyumba kama mwenyeji yeyote. Hilo nalo ni somo la uchumi, tena ningelitanguliza kabla ya takwimu.

Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha takriban tani 230,000 za katani, yaani singa hizo za mkonge, kiwango ambacho hatujakifikia tena. Zikaja kamba za nyuzi za plastiki, bei ya katani katika soko la dunia ikaporomoka, na mashamba mengi, yakiwamo yaliyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, yakamea vichaka. Mkonge haukufa, na ni vizuri wanafunzi walijue hilo pia. Kituo cha utafiti cha Mlingano, kilichomo ndani ya wilaya yenu na kilichoanzishwa mwaka 1934 kwa ajili ya zao hilo, ndicho kilichozaa mbegu chotara ya 11648, ambayo hutoa majani mengi zaidi kabla ya mmea kutoa mlingoti na kufa. Bodi ya Mkonge bado ina makao yake makuu Tanga, na siku hizi wakulima wadogo nao wanaulima, jambo ambalo babu mwenye namba asingeliota.

Kuhusu uchumi wa leo, ningekushauri uigawe wilaya kwa mwinuko. Pwani iko Kigombe, ambako watu ni wavuvi, na bahari yao imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (aina ya samaki adimu) iliyoanzishwa mwaka 2009. Katikati ni nchi ya chini ambayo hata jina la Wabondei, yaani watu wa bondeni, limetokana nayo, na huko ndiko kuliko mkonge, minazi, mihogo, mahindi na juu ya yote machungwa. Juu ni Usambara ya Mashariki, yenye chai na viungo. Tahadhari moja ya takwimu: Wilaya ya Mkinga ilimegwa kutoka Muheza mwaka 2005, kwa hiyo ukikuta jedwali la zamani linaloonyesha Muheza yenye pwani ndefu na samaki wengi, usilinganishe na la sasa.

Mhariri, nina shamba la michungwa 60 katika kata ya Mkuzi. Mwezi wa Februari, watoto wakihitaji sare na madaftari, alinijia tajiri akazunguka shamba, akataja bei ya shamba zima, nikakubali. Yalipochumwa mwezi Juni niliona magari yanavyojaa nikajua nimeumia, lakini maneno yalikuwa yameshapita. Hii ni halali? Nifanyeje msimu ujao?

Mama, pole sana. Kuuza kwa macho, zao likiwa bado mtini, si kosa kisheria, kwa kuwa mwenye mali na mnunuzi wamekubaliana. Lakini ni biashara ambayo upande mmoja umezoea kukadiria na upande mwingine umezoea kulima tu, na wewe ulikuwa upande wa pili.

Msimu uliopita nilikaa siku nzima katika shamba moja la kata yenu nikitazama uchumaji. Vijana walipanda na viroba vilivyofungwa begani, na chini ya mti watu wawili waliokaa kitako walihesabu machungwa matano matano, wakitaja idadi kwa sauti, na kila yalipotimia mia waliweka moja pembeni liwe alama. Jioni mwenye shamba hakuhitaji daftari, alihesabu yale machungwa ya pembeni akajua amechuma mangapi. Nilimwuliza kwa nini hesabu hiyo nzuri haifanywi kabla ya kuuza. Alinijibu kwamba anayehesabu ni mnunuzi, kwa ajili ya kuwalipa vibarua wake. Jibu hilo limenikaa moyoni tangu siku hiyo.

Basi msimu ujao hesabu wewe kwanza, na huhitaji kupanda miti yote. Katika miti yako 60, chagua mmoja katika kila kumi, yaani miti sita, na usichague mizuri. Anza pembeni ukitembea kwa mstari, kila wa kumi uwe huohuo utakaoukuta. Katika kila mti gawanya matawi sehemu nne kwa kamba, hesabu machungwa ya sehemu moja kwa utulivu, zidisha kwa nne. Jumlisha miti sita, gawanya kwa sita, na hapo unayo wastani wa mti mmoja. Chukulia wastani huo ni machungwa 500 na tajiri amekadiria 300: tofauti ya 200 kwa kila mti, mara miti 60, ni machungwa 12,000, ambayo ungempa bure. Kwa kuwa baadhi ya machanga hudondoka na mengine hutobolewa na inzi, punguza kidogo kwenye hesabu yako, lakini upunguze wewe, si yeye.

La pili ni wakati. Chungwa si kama embe wala ndizi, haliendelei kuiva likishachumwa, na utamu liliochumwa nao ndio litakaokwenda nao sokoni. Lakini likikomaa huweza kukaa mtini majuma kadhaa bila kuharibika, hasa aina ya Valensia, na hiyo ndiyo nguvu ambayo wakulima wengi hawaitumii. Mkulima wa korosho ana ghala na stakabadhi. Wewe ghala lako ni mti. Msimu mkubwa wa Muheza ni kuanzia Mei hadi Agosti, na magari yote yakija kwa pamoja mwezi wa Juni bei hushuka kwa kila mtu, wakati anayeweza kusubiri hadi mafuriko ya mazao yapungue huuza akiwa na watu wachache sokoni. Kusubiri kuna gharama yake, nisikufiche: mti uliobeba muda mrefu huchoka na kuchanua vibaya msimu unaofuata, na inzi wa matunda mwenye asili ya Asia, aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, hupata muda mrefu zaidi wa kutaga. Okota yaliyodondoka kila baada ya siku chache uyafukie kwenye shimo refu, kwa sababu funza waliomo ndio inzi wa juma lijalo.

Najua kwamba lililokufanya uuze Februari halikuwa kukosa hesabu, lilikuwa mahitaji ya shule. Kwa hiyo, ukilazimika tena, usiuze shamba zima. Uza miti 15 kwa macho, ile iliyotosha shida iliyopo, uitie alama ya rangi mbele ya mashahidi, na 45 iliyobaki uiuze kwa idadi siku ya kuchuma. Mapatano yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari na kusainiwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, yakitaja nani analipa wachumaji, mwisho wa kuchuma ni tarehe gani, na kwamba machungwa madogo ya mchanuo wa pili si sehemu ya mauzo. Hapo kwenye mchanuo wa pili ndipo wengi hupoteza bila kujua, kwa sababu mnunuzi aliyelipia "shamba" hurudi Novemba akidai lake.

Shikamoo Mhariri. Nimemaliza kidato cha nne, nakaa Mtindiro. Wateja wa Dar es Salaam wanasema machungwa yetu ni mabichi kwa kuwa ni ya kijani. Kwa nini hayageuki rangi, na kwa nini hatujengi kiwanda kikubwa cha juisi tukaachana na wateja wa namna hiyo?

Marahaba, mwanangu. Rangi ya ganda haisemi lolote juu ya kuiva katika nchi ya joto. Umbijani wa ganda, yaani kile kinacholipa rangi ya kijani, huvunjika pale usiku unapokuwa na baridi, na usiku wa Mtindiro hauna baridi ya kutosha, kwa hiyo chungwa huiva, hujaa maji na sukari, na ganda likabaki kijani au likawa na manjano ya kupauka. Machungwa yanayotoka nchi za baridi hugeuka yenyewe, au huwekwa katika chumba chenye gesi ya ethilini, inayobadilisha ganda bila kuongeza utamu hata chembe. Mkatie mteja wako moja aonje.

Kuhusu kiwanda, nakitamani kama wewe, ila naomba tukitazame kwa makini. Takriban nusu ya uzito wa chungwa, au pungufu kidogo, ndiyo juisi. Maganda na nyama zinazobaki ni mzigo wa kutafutiwa kazi, na chakula cha ng'ombe ni mojawapo. Mtambo unaokamua machungwa kuanzia Mei hadi Agosti na tena kidogo mwishoni mwa mwaka hukaa miezi mingi umelala, huku mkopo wake ukiendelea kudai riba, ndiyo maana kiwanda cha namna hiyo hakina budi kukamua pia maembe, mananasi na pasheni kutoka maeneo ya jirani. Tena kiwanda hutaka bei ya chini kuliko ya chungwa la kumenya, na mkulima anayepata gari la Mombasa au Dar es Salaam atatanguliza gari hilo siku ambayo kiwanda kinahitaji tani zake. Kwa maoni yangu kiwanda kitasimama siku wakulima watakapokuwa na chama cha ushirika kinachoweza kusaini mkataba wa kupeleka kiasi fulani kwa siku fulani na kuutimiza. Mkonge uliweza kwa sababu shamba na korona vilikuwa vya mwenye mali mmoja; machungwa ni ya maelfu ya kaya.

Kwa umri wako, kuna kazi iliyo karibu zaidi, nayo ni kitalu. Miche mingi hupandwa kwa mbegu au hununuliwa bila kujulikana mama yake. Jifunze kubebesha: mche wa mlimao, wenye mizizi migumu, hubebeshwa kikonyo cha mchungwa unaojulikana kwa kuzaa vizuri. Kisu kiwe kikali na kisafi, kidonda kifungwe kwa nailoni hewa isiingie, na mche ukae kivulini. Halmashauri kwa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako na kikundi, si peke yako.

Mimi ni mama mfanyabiashara. Nilisafirisha magunia 8 ya machungwa kutoka Muheza kwenda wilaya jirani, nikasimamishwa kizuizini nikadaiwa ushuru. Nilipaswa kulipa?

Mama, mwaka 2017 Sheria ya Fedha ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mazao yasiyozidi tani moja yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine yakaondolewa ushuru huo. Magunia 8 ya kilo 90 kila moja ni kilo 720, hazifiki tani moja. Beba karatasi ya mzani, na ukidaiwa omba uonyeshwe kifungu cha sheria ndogo kinachotumika, halafu ukilipa chochote usiondoke bila stakabadhi. Lakini magunia yako yasiwe lumbesa. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na mwenye lumbesa nane anaweza kuwa amepita tani bila kujua.

Mhariri, babu yangu alilima iliki msituni Amani, mahali ambapo sasa ni hifadhi. Baadaye tulifuga vipepeo, na biashara hiyo ikafungwa mwaka 2016. Kila tunachoshika kinatuponyoka. Tulime nini?

Ndugu yangu, malalamiko yako ni ya haki, na historia ya milima yenu ya Usambara ya Mashariki inakuunga mkono. Wajerumani walifyeka msitu katika miaka ya 1890 wakapanda kahawa, wakidhani mahali penye miti mikubwa namna ile lazima pana rutuba kubwa, na kahawa ikashindwa, kwa sababu rutuba ilikuwa kwenye majani yanayooza juu na udongo wenyewe ni mchachu. Chai ilifaulu baadaye kwa kuwa hupenda udongo wa aina hiyo, lakini jani la chai halikai. Linatakiwa kufika kiwandani siku hiyohiyo, na ndiyo maana viwanda vilijengwa hukohuko juu, Bulwa na Kwamkoro, na mkulima hana mahali pengine pa kulipeleka. Ua dogo la zambarau la misitu yenu lilionekana mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, mbegu zikapelekwa Ujerumani, na leo linauzwa katika vyungu Ulaya na Marekani likiwa na jina la mtawala huyo, bila senti kurudi Amani. Vipepeo vilikuwa tofauti: mfugaji aliotesha miti ya kulishia viwavi, akauza pupa, yaani viwavi waliokwisha kujifunga kabla ya kuwa vipepeo, kwa nyumba za maonyesho ng'ambo, na msitu ukawa na faida ukiwa umesimama. Marufuku ya mwaka 2016 ya kusafirisha wanyama hai nje ya nchi iliwakumba nao, na mimi ningependa mdudu anayezalishwa nyumbani atazamwe tofauti na mnyama anayekamatwa porini.

Kuhusu msitu, Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilianzishwa mwaka 1997, na mto Sigi unaotoka huko ndio unaonyweshea Jiji la Tanga. Iliki ilihitaji kivuli cha msitu lakini ilizuia miche ya miti kuota chini yake, na baada ya miaka kadhaa udongo ulichoka, mkulima akasogea mbele kufyeka kwingine. Kule Derema, katika milima hiyohiyo, wakulima waliondolewa na kulipwa fidia ya mimea yao, na najua kidonda hicho bado hakijapona katika familia nyingi.

Katika shamba lako mwenyewe, kilimo kinachofaa huko ni cha mchanganyiko. Pilipili manga hupanda juu ya mti ulio hai, kwa hiyo haikuombi ufyeke. Mdalasini ukikatwa huchipua tena kutoka kisikini, nao haudai soko la siku moja kama chai, kwani gome lililokauka hukaa miezi. Karafuu huchelewa kuzaa, ila huchumwa miaka mingi. Itaingia kwa ajili ya wanao. Iliki nayo isiachwe, bali iwe kidogo, chini ya miti uliyoipanda mwenyewe. Na hapa kuna fedha ambayo wengi wenu mnaiacha juani: iliki inayoanikwa kwenye jua kali huchujuka ikawa nyeupe, na ile inayokaushwa kivulini penye upepo, au juu ya moto mdogo usio na moshi, hubaki ya kijani, na mnunuzi huitazama rangi kabla hajainusa. Tengeneza kichanja kimoja chenye paa la makuti na wavu chini, uigeuze iliki kila asubuhi na jioni, na usifunge gunia mpaka punje ikitikiswa isikike ikigonga ndani ya ganda lake.